Unataka Kuandika Kitabu? Muulize Kwanza Mwenzio

Hakuna mwezi unaopita bila mtu kuniambia kwamba ana kitabu kichwani. Wengine wananiandikia barua pepe, wengine wananikamata kwenye harusi, sahani ya pilau mkononi: "Dada mhariri, nina stori moja hiyo, ukiisikia utalia." Na kweli, nyingine ukizisikia zinaliza. Nikiuliza umefika ukurasa wa ngapi, kimya. Muda hakuna. Kazi, foleni, watoto, kikao cha harusi Alhamisi, msiba Jumamosi. Halafu linafuata lile swali: hivi hawa kina John Grisham na kina Stephen King, wanaouza vitabu kama maandazi, wao wanawezaje?

Jibu ambalo watu wanalitaka ni la ufundi. Anza na maiti ukurasa wa kwanza, kila sura iishie pabaya, msomaji asilale. Si uongo, na nitaligusa hapo mbele. Lakini mimi nimesoma sana maisha ya waandishi hawa, mahojiano yao na walichoandika wenyewe kuhusu kazi yao, na kila nikichimba nakutana na jambo ambalo kwenye semina za uandishi halitajwi. Kwenye ile nyumba kulikuwa na mtu wa pili. Mtu aliyekubali kwamba kuna saa fulani za siku ambazo hazitakuwa zake.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, makala haya ni ya wewe unayeandika, na ni ya wewe unayelala kitanda kimoja na mtu anayeandika.

Tuanze na Stephen King. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 King alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari katika jimbo la Maine, Marekani. Mke, watoto wawili wadogo, nyumba ya trela, mshahara wa kuungaunga. Simu ya nyumbani waliikata kwa sababu hela ya kuilipia haikuwepo. Mkewe, Tabitha, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la maandazi ya donati. Mwalimu akirudi kutoka shule anajibana kwenye kachumba ka kufulia nguo na kuandika kwa taipureta ndogo. Taipureta yenyewe ya nani? Ya mke.

Siku moja akaanza hadithi ya msichana wa shule anayeonewa na wenzake. Akaandika kurasa chache, akaona hazina maana, wala yeye mambo ya wasichana hayajui, akazikunja na kuzitupa kwenye kapu la taka. Tabitha akaziokota, akapangusa majivu ya sigara, akasoma. Jioni akamwambia mumewe aendelee, maana yeye anataka kujua kitakachompata yule binti.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki wanaishia hapo, wanasema ona mapenzi. Mimi napenda kinachofuata. Tabitha hakumsifia tu. King alipolalamika kwamba dunia ya wasichana haijui, mke akamwambia atamsaidia, na akamsaidia kweli, kwa kumweleza mambo ambayo mwanamume hayaoni: wasichana wakiwa peke yao wanasemaje, wanaumizanaje. Kitabu kikawa Carrie. Kampuni ya Doubleday ikamlipa malipo ya awali ya dola 2,500, kikatoka mwaka 1974. Kabla hakijatoka, haki za toleo la bei nafuu zilikuwa zimeuzwa kwa dola 400,000, nusu yake ikiwa ya King. Siku alipopata habari hiyo kwa simu ilikuwa Jumapili na mkewe hayuko nyumbani. Akatoka kwenda kumnunulia zawadi, maduka mengi yamefungwa, akarudi na kitu pekee alichokipata cha maana: mashine ya kukaushia nywele.

Sasa Grisham. Huyu alikuwa wakili katika mji mdogo wa Southaven, Mississippi, na juu yake alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo. Mtu wa namna hiyo ana udhuru wote duniani wa kusema hana muda. Katikati ya miaka ya 1980 alisikia mahakamani ushahidi wa mtoto wa kike aliyebakwa, na akaanza kujiuliza ingekuwaje kama baba wa mtoto angewapiga risasi waliofanya unyama ule. Akaamua kuandika. Aliamka saa 11 alfajiri, anafika ofisini kabla ya simu kuanza kulia, kahawa pembeni, na lengo lilikuwa dogo kiasi cha kuchekesha: ukurasa mmoja kwa siku. Basi. Ukurasa mmoja.

Ilimchukua miaka 3. A Time to Kill kilitoka mwaka 1989, nakala 5,000, kutoka kampuni ndogo, na hakikuuzika. Grisham akanunua nakala 1,000 yeye mwenyewe, akazijaza kwenye buti la gari na kuzunguka nazo maktaba kwa maktaba. Nawajua waandishi wetu kadhaa hapa mjini ambao mpaka leo vitabu vyao viko kwenye buti, na ukiwaambia Grisham naye alipita huko wanadhani unawafariji.

Kilichomwokoa ni kwamba kile cha kwanza kilipokwisha hakukaa kusubiri makofi. Alianza cha pili papo hapo. Hicho cha pili ndicho The Firm. Paramount walinunua haki za filamu kwa dola 600,000 kabla mchapishaji yeyote hajakikubali kitabu, na kilipotoka mwaka 1991 kikashika orodha ya vitabu vinavyouzika Marekani wiki baada ya wiki. Filamu ya Tom Cruise ikaja mwaka 1993. Baada ya hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba kuna kitabu cha kwanza, nacho kikauzika vibaya sana.

Na mke? Renee Grisham ndiye anayesikia wazo kabla ya mtu mwingine. Mume anamsimulia hadithi, na kama haimwingii, haiendi mbali. Fikiria hilo kidogo. Mtu aliyeuza mamilioni ya vitabu bado anapitia kwanza meza ya nyumbani.

Nilisema nitagusa ufundi, basi tugonge hodi kwa Lee Child. Jina lake halisi ni Jim Grant, Mwingereza, mrefu karibu mita 2. Alifanya kazi Granada Television kwa karibu miaka 18, mwaka 1995 akapunguzwa kazi, akiwa na umri wa miaka 40, mke, binti na mkopo wa nyumba. Wengine hapo wangenunua bodaboda. Yeye alinunua karatasi na penseli, akakaa kuandika.

Siku za mwanzo hizo alikuwa na mkewe supamaketi, bibi mmoja akamwomba amshushie kitu kutoka rafu ya juu. Mkewe akamtania kwamba uandishi ukigoma, kazi ya kufikia rafu za juu madukani itamfaa. Kwa Kiingereza mtu wa kazi hiyo ungemwita "reacher". Ndivyo Jack Reacher alivyopata jina, na kitabu cha kwanza, Killing Floor, kikatoka mwaka 1997. Mzaha wa mke kwenye foleni ya supamaketi umelisha familia ile miaka yote.

Sasa huyu Child aliandika mwaka 2012 kwenye New York Times jambo moja ambalo kwangu linazidi semina nzima. Watu wanauliza namna ya kujenga taharuki kana kwamba wanauliza namna ya kuoka keki: viungo gani, vipimo gani. Yeye anasema swali lenyewe limekaa vibaya. Jiulize badala yake utafanyaje familia yako iwe na njaa. Jibu ni rahisi: wacheleweshee chakula. Uliza swali mwanzoni, halafu usilijibu.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapo. Tumekulia kwenye hadithi za magazetini. Umesimama kituoni, daladala imejaa, unasoma la jirani yako juu ya bega lake, na pale mlango unapofunguliwa na mtu mwenye bastola, unakuta "itaendelea wiki ijayo". Eric Shigongo alijenga jina kwa hadithi za namna hiyo kwenye magazeti, na leo vijana wanaendeleza mtindo uleule kwa kuuza vipande vya hadithi kwenye WhatsApp. Kabla yao kulikuwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia sokoni na Kufa na Kupona mwaka 1974, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Walimu wetu walivinyanyapaa vitabu hivyo, wakaviita riwaya pendwa kwa mdomo uliopinda kidogo. Sisi tukavisoma chini ya dawati. Kama unataka kujifunza sura inavyofungwa, rudi kwa Mtobwa kabla hujakimbilia New York.

Ila narudi palepale. Ufundi huu unaweza kuujua wote na bado usiwe na kitabu, kwa sababu hujapata saa ya kuutumia. Na saa hiyo, kama umeoa au umeolewa, haiko mikononi mwako peke yako.

Nitoe mfano wa karibu. Nina rafiki yangu, mhasibu, ana miaka 4 kwenye ndoa. Alianza kuandika riwaya na hakumwambia mtu, hata mumewe, kwa aibu tu. Alingoja mzee alale, anafungua kompyuta sebuleni. Mwezi wa pili shemeji yangu akanipigia. Sauti haikuwa ya mzaha.

"Shemeji, samahani kukusumbua. Huyu mwenzenu yuko sawa?"

"Kuna nini tena, shemeji?"

"Saa sita za usiku namkuta sebuleni, kioo kinawaka. Nikitokea tu, anafunika. Mimi mtu mzima, shemeji. Wewe ungewaza nini?"

Ningewaza alichowaza yeye. Nikampigia rafiki yangu, nikamwambia ndugu yangu, mwonyeshe mumeo hicho kitabu kabla hakijakuvunjia ndoa. Akagoma siku 3. Siku ya nne akamsomea sura ya kwanza. Jambazi la kwenye hadithi linatoa kontena bandarini kwa simu moja tu kutoka kwa mkubwa. Mume, ambaye kazi yake ni kutoa mizigo bandarini, akacheka mpaka akakaa chini. "Mke wangu, kontena halitoki hivyo. Hata mkubwa apige simu kumi, kuna karatasi." Akachukua kalamu akamchorea mzigo unapita wapi, nani anasaini, na ni wapi mtu mjanja angeweza kuupitisha. Sura ile imeandikwa upya na sasa inatisha kweli, maana inafanana na ukweli.

Msidhani wameishi raha mustarehe. Wikiendi bado wanagombana. Jumapili asubuhi mume anataka kanisani kisha kwa wazazi, mke anataka zile saa 2 za utulivu. Wamekubaliana kwamba Jumanne na Alhamisi, saa 3 hadi saa 5 usiku, mume analaza mtoto na hakuna anayeita "mama fulani, iko wapi rimoti". Siku nyingine makubaliano yanavunjika. Kitabu kiko sura ya 11.

Kisa chao kinanikumbusha Dick Francis, Mwingereza mwingine ambaye vijana wa leo hawamjui sana, lakini wazazi wetu walimsoma. Alikuwa mpanda farasi wa mashindano. Mwaka 1956 alikuwa anaelekea kushinda Grand National akiwa juu ya Devon Loch, farasi wa mama yake Malkia Elizabeth II, na hatua chache kabla ya kumaliza farasi akaanguka mwenyewe, bila kuguswa. Mwaka uliofuata akaacha kupanda. Riwaya yake ya kwanza, Dead Cert, ilitoka mwaka 1962, na kwa takriban miaka 40 aliendelea kutoa riwaya moja karibu kila mwaka.

Nyuma yake, au niseme kando yake, alikuwa mkewe Mary. Yeye ndiye aliyekuwa na digrii. Yeye ndiye aliyefanya utafiti. Hadithi ilipohitaji ndege, Mary alijifunza urubani hadi akapata leseni. Ilipohitaji mpiga picha, kwa kitabu cha Reflex cha mwaka 1980, alijifunza upigaji picha. Alihariri pia, na Dick hakuficha kwamba ni kazi ya watu wawili, ingawa kwenye jalada kulikuwa na jina moja. Mary alifariki mwaka 2000. Vitabu vikakatika. Kilichofuata kilitoka mwaka 2006, na safari hii aliyesaidia ni mtoto wao Felix.

Hapo kwenye jina moja la jalada ndipo ninapotaka wapenzi na wanandoa wazungumze mapema. Kama mwenzio anakulelea mtoto ili uandike, anakupa mawazo, anakusahihishia, basi jasho lake limo. Muulize anataka nini. Wengine watataka jina, wengine fungu la hela zikija, na wengine watataka tu zamu yao ifike: wewe umeandika mwaka huu, mwaka kesho yeye anarudi chuo na wewe ndiye utakayelaza mtoto. Nimeona ndoa nyingi ambazo ndoto ya mmoja inaitwa ndoto na ya mwingine inaitwa usumbufu. Na nyie mnajua mara nyingi ni ya nani inayoitwa usumbufu.

Kuna na wanaopita kiasi. Danielle Steel, malkia wa riwaya za mapenzi, anatumia taipureta ya mwaka 1946, na amewahi kueleza kwamba kazi ikikolea anaweza kukaa mezani saa 20 hadi 22 kwa siku. Amelea watoto 9 na kuuza vitabu mamia ya mamilioni. Heshima yake. Lakini wewe mwenye ajira na bosi anayekusubiri saa 2 asubuhi, huyo mtazame tu kwa mbali kama unavyotazama mwanariadha wa Olimpiki. King mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uandishi, anamshauri anayeanza afanye maneno 1,000 kwa siku na apumzike siku moja kwa wiki. Kwa mtu wa Dar anayetoka Kibaha na kurudi, mimi nasema hata 300 ni utajiri. Fanya hesabu ya Grisham: ukurasa mmoja kila siku ya kazi, mwaka ukiisha una kurasa zaidi ya 250. Hicho ni kitabu.

Jambo la mwisho la kiutendaji, maana limeniletea kesi nyingi hapa ofisini: lini umwonyeshe mwenzio? King anaandika rasimu ya kwanza mlango ukiwa umefungwa, na anaufungua kwenye rasimu ya pili. Mimi naona ni busara. Kipande kibichi ukikipeleka kitandani kila usiku na kuuliza "umependa?", unamgeuza mwenzio kuwa mtihani. Akisema kizuri huamini, akisema kibaya mnalala mmegeuziana migongo. Lakini kufunga mlango si kuficha. Yule rafiki yangu angesema tu "baba, naandika, nitakusomea nikimaliza", shemeji angelala usingizi wake.

Na mlango huo lazima ufunguke. King huyohuyo, pesa zilipokuja, alijinunulia meza aliyokuwa akiiota, kubwa ajabu, akaiweka katikati ya chumba cha kazi. Kwa miaka kadhaa alikaa nyuma yake akiwa mlevi na mtumiaji wa dawa za kulevya, vitabu vinauzika, nyumba inaungua polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Tabitha alikusanya familia na marafiki, akachukua mfuko wa taka uliojaa makopo ya bia, vichupa na mabaki mengine kutoka chumba kile, akaumwaga chini mbele ya wote. Akamwambia achague: apate msaada au aondoke. Mwanamke yuleyule aliyeokota kurasa kwenye kapu la taka.

King akachagua nyumba, akaacha pombe. Baadaye akaitoa ile meza kubwa, akaweka makochi mahali pake, na watoto wakaanza kupanda juu jioni kutazama mpira wa kikapu na kula piza. Akatafuta meza nyingine, kama nusu ya ile ya kwanza, akaisukuma kwenye kona.